Ndege Kwenye Theluji ya Mont Blanc

Mwezi Juni 2019 ndege ndogo kutoka Uswisi ilitua kwenye theluji ya Mont Blanc, upande wa Ufaransa, mita 4,450 juu ya usawa wa bahari. Walioshuka walitaka kufika kileleni, zikiwa zimebaki chini ya mita 400. Askari wa milimani wakawazuia.

Sheria ya milima ya Ufaransa, ya mwaka 1985, inakataza ndege kushusha watu milimani kwa starehe, ila kwenye viwanja na sehemu zilizoidhinishwa. Uokoaji ni jambo jingine: helikopta inayomfuata aliyevunjika mguu haizuiwi, na ndivyo inavyopasa.

Kwa nini ukali huo? Mbuzi-mwitu wa Alps hupitisha majira ya baridi kwa kutegemea mafuta aliyojiwekea mwilini. Akishtuliwa na injini akatimua mbio kwenye theluji nene, anateketeza akiba ambayo hatairudisha mpaka majani yaote. Na yule aliyepanda kwa miguu siku mbili, mzigo mgongoni, akitafuta utulivu? Naye ana haki yake.

Ukiona ndege imetua milimani nje ya sehemu zilizoidhinishwa, pasipo dharura, andika namba yake ya usajili, mahali na saa, uwapelekee askari wa milimani.