NYWELE ZA BINTI NA ULIMI WA MZAZI

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni nywele za watoto wetu wa kike. Walakini nyumba nyingi zimeingiwa na ugomvi kwa ajili ya jambo hili, na nyumba yetu ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo hatusemi kama mwalimu aliyesimama mbele ya ubao. Twasema kama mzazi aliyekosa.

Siku moja ya likizo binti yetu, mwenye umri wa miaka 14, alitoka asubuhi hali nywele zake zimesukwa vizuri, akarudi adhuhuri amenyoa denge. Kando zote mbili na kisogoni palikuwa laini kama kiganja, na utosini kimebaki kishungi kimesimama wima. Sisi tulikuwa tumeketi barazani pamoja na jirani wawili. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, baba." Nasi hatukuitikia. Mahali pa marahaba tukamwuliza mbele ya wageni, "Ni nani aliyekufundisha uhuni huu?" Akainamisha kichwa, akaingia ndani. Jirani mmoja akatuambia, "Ndivyo, Mwalimu. Samaki mkunje angali mbichi." Tukajiona kuwa tumetenda kazi ya baba.

Muda wa siku nane mtoto yule alikula jikoni na mamaye, wala hakutia neno mbele yetu. Siku ya tisa akaja bibi yake, mama mzaa mama, kutoka shamba. Alipomwona mjukuu wake hakupiga kelele. Alicheka hata machozi yakamtoka. "Lo! Kumbe denge limerudi!" akasema. "Mama yetu alikuwa akitunyoa hivi tulipokuwa wadogo." Kisha akamketisha mkekani, akampapasa kichwa kwa vidole, mara akanyamaza. Akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, hapa kwenye panja, nywele zilikwenda wapi?"

Ndipo mtoto akalia, akaeleza. Kumbe nywele za panja zilikuwa zikimtoka kwa miezi mingi, maana msusi alizivuta mno kila mara alipomsuka. Shuleni wenzake walimcheka na kumwita mzee mwenye kipara. Akaona afadhali anyoe za kando zote kuliko kutembea na mapengo. Na msuko ule uliomdhuru ndio sisi tuliokuwa tukiulipia fedha, na kuusifu kuwa ni wa heshima!

Wasikilizaji wetu, tangu siku ile tumewaza sana. Twaona kwamba mzazi akimwona bintiye amekuja na kichwa asichokitazamia, yampasa ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua kinywa.

Swali la kwanza: Je, jambo hili litamdhuru mwili? Hapa mzazi asiwe mlegevu. Nywele zikivutwa kwa nguvu kwa muda mrefu hung'oka, hasa za panja na za pajini, na mizizi yake ikiisha kuharibika hazioti tena. Dawa nyingine za kunyosha nywele zina soda kali, ile ile itumiwayo kutengeneza sabuni, nayo huweza kuunguza ngozi ya kichwa. Kichana cha moto nacho kimewaunguza wengi masikio na shingo. Katika hayo mzazi akataze, tena aeleze sababu yake.

Swali la pili: Je, ni kuvunja sheria ya mahali? Kama shule ina kanuni yake, mtoto aifuate, na kama kanuni hiyo haina haki, wazazi waende wakaseme na wakuu wa shule kwa adabu, wasimwachie mtoto mzigo huo peke yake. Mwaka 2016 wasichana wa shule moja ya Pretoria, Afrika Kusini, walizipinga amri zilizohusu nywele zao za asili. Na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa shule moja ilikosa kumfukuza binti kwa ajili ya rasta zake, maana zilikuwa sehemu ya dini yake. Basi hata kanuni huweza kupimwa.

Swali la tatu ndilo gumu: Au je, ni aibu yetu tu mbele ya jirani? Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Heshima ya nywele si moja kwa watu wote wala kwa nyakati zote. Kwa Wamasai, desturi ni mwanamke kunyoa kichwa chote, na morani ndiye afugaye nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu. Na wakati wa kuuacha umorani ukifika, mama yake ndiye amnyoaye. Huko Ulaya na Marekani, miaka ya 1920, wasichana walipokata nywele zao zikaishia masikioni, baba wengi waliona kuwa dunia imekwisha. Leo nani hushangaa kumwona mwanamke mwenye nywele fupi? Na denge lililotutia hasira, mkwe wetu alilijua tangu utoto wake.

Hatusemi kwamba mtoto aachwe afanye apendalo. Methali ile ya samaki ni ya kweli. Walakini amkunjaye samaki humshika kwa mikono yake miwili. Hamtupi nje akasema amemkunja. Sisi tulimtupa. Nywele za mtu huota kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi, na kabla ya mwaka kwisha denge hufunikwa lisionekane. Neno la aibu lililosemwa mbele ya watu halifunikwi upesi hivyo. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tena fikirini haya: binti aliyeogopa kutuambia habari ya nywele, atatuambiaje habari kubwa zaidi, akiingia katika hatari ya kweli? Mlango tulioufunga kwa ajili ya kishungi ndio ule ule ambao siku moja tutatamani aupitie.

Usiku ule wa siku ya tisa tulimwita barazani. Tukamwambia, "Mwanangu, baba yako alikosa. Ilinipasa nikuulize kwanza." Hakujibu upesi. Alitutazama, kisha akapiga goti kama siku ile, akasema, "Shikamoo, baba."

Nasi safari hii tuliitikia, "Marahaba, mwanangu."