HAIWEZEKANI, AU HAIFAI?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya makutano yetu)



Nimepewa dakika kumi na tano. Sitasimulia jinsi shule ilivyokuwa zamani, maana kila mwaka inazidi kuwa nzuri midomoni mwetu. Nimekuja kulipa deni.

Mwaka 1979, tukiwa Kidato cha Tatu, mwalimu wa fizikia alitufundisha kanuni ya tatu ya Newton kwa mfano wa bunduki: risasi ikienda mbele, bunduki husukumwa nyuma. Mwenzetu mmoja, tuliyemwita Fundi, akanyoosha mkono. Aliuliza: nguvu hiyo ya kurudi nyuma, badala ya kupotelea begani, haiwezi kuzungusha silinda ya bastola ili ijiandae yenyewe? Darasa likacheka. Ijumaa iliyofuata jambo hilo likaletwa kwenye mdahalo, nami nikawa msemaji mkuu wa upande wa kupinga. Fundi alikuja na gunzi la muhindi alilolichonga vijifereji vya kwenda upogo, pamoja na kipande cha ubao chenye msumari. Alipolisukuma gunzi mbele na nyuma, msumari ukifuata mfereji, gunzi lilizunguka. Mimi nikasimama nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, mwenzetu ametuletea mahindi aliyokwisha kula." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Tulishinda kwa kura nyingi.

Ndugu zangu, ushindi ulikuwa wangu, lakini ukweli ulikuwa wake.

Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola yake ya silinda mwaka 1836. Silinda ina vyumba, kila chumba na risasi yake. Lakini nguvu ya kuizungusha ilitoka katika kidole cha mtu. Mwaka 1862 Richard Gatling alipata hataza ya bunduki yenye mitutu kadhaa iliyozungushwa kwa mkono, kama cherehani. Hiyo nayo ilitegemea msuli. Katika miaka ya 1880 Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, ndiye aliyefaulu kuitumia nguvu ya kurudi nyuma kuendesha bunduki ya rashasha. Habari za mashine za namna hiyo babu zetu walizipata kwa uchungu. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, walipoishambulia boma ya Wajerumani kule Mahenge, walikatwa na bombomu kabla hawajafika ukutani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nimekuja kusifu silaha. Ninasema tu kwamba anayecheka elimu ya mitambo huachia wengine waijue peke yao.

Sasa sikilizeni. Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliyetumikia India, George Fosbery, alijiuliza swali lilelile la Fundi. Bastola yake, Webley-Fosbery, ilianza kuuzwa mwaka 1901. Ikifyatuliwa, mtutu pamoja na silinda viliteleza nyuma juu ya kitako. Silinda ilikuwa na mifereji ya upogo iliyochongwa ubavuni, na pini ilipita ndani yake. Basi katika kwenda nyuma na kurudi, silinda ilizunguka na nyundo ikajitega. Yaani gunzi la Fundi lilikuwa limekwisha kuundwa kwa chuma miaka 78 kabla ya mdahalo wetu, nami niliyesema haiwezekani sikuwa nimefungua kitabu hata kimoja.

Lakini tusizidishe. Bastola ile ilitoa risasi moja kwa kila mvuto wa kidole. Je, ingefaa kuifanya itoe risasi mfululizo, kama rashasha? Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Kwanza, chukueni mwendo wa kawaida wa rashasha, risasi 600 kwa dakika. Hizo ni risasi kumi kwa sekunde. Silinda ya risasi sita ingekwisha kwa muda usiotimia hata sekunde moja, kisha mwenye nayo angekaa akiijaza moja moja.

Pili, bastola ni nyepesi na hushikwa kwa mkono. Kila risasi huinua mdomo wa mtutu. Ya pili ikitoka kabla mkono haujatulia, ya tatu itakwenda kwenye mapaa ya nyumba.

Tatu, na hili ndilo kubwa, sifa ya bastola ya silinda ni ustahimilivu wake. Risasi moja ikikataa kuwaka, unavuta tena na chumba kinachofuata kinakuja. Lakini mashine inayotegemea nguvu ya risasi iliyopita, risasi ikilala nayo inalala. Zaidi ya hayo, sehemu zinazoteleza hazipendi tope na mchanga, na jeshi la Uingereza halikuifanya Webley-Fosbery kuwa silaha yake rasmi.

Basi, iliwezekana, ila kwa bastola ya mkononi haikufaa. Mimi nilichanganya maneno hayo mawili.

Na kisa hakikuishia hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wahandisi wa Mauser huko Ujerumani walibuni mzinga wa ndege, MG 213, wenye mtutu mmoja na silinda iliyozungushwa kwa nguvu ya gesi ya baruti. Risasi zililetwa kwa mkanda. Chumba kimoja kikifyatua, kingine kilikuwa kinapokea risasi na kingine kinatoa ganda, kazi zote kwa wakati mmoja. Baada ya vita Waingereza walitoa humo mzinga wa ADEN, Wafaransa wakatoa DEFA, na Wamarekani M39. ADEN ilipita risasi 1,200 kwa dakika. Ndege za F-5 walizopata jirani zetu wa Kenya mwaka 1978 zilikuwa na M39 puani. Yaani siku tulipokuwa tunacheka humu ukumbini, wazo la Fundi lilikuwa linaruka angani ng'ambo ya mpaka.

Vijana, mtu akileta wazo, msimwulize kwanza nani amewahi kulifanya. Ulizeni: je, maumbile yanalikataza? Kama hayalikatazi, je, lafaa? Kama halifai hapa, lafaa wapi?

Nimesema nimekuja kulipa deni. Tangu Ijumaa ile Fundi hakunyoosha mkono tena katika kipindi cha fizikia, mpaka tulipomaliza Kidato cha Nne. Mwalimu alidhani amekuwa mvivu. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza, kwa kuwa nilipenda kuitwa bingwa wa midahalo. Leo ana karakana yake ya kuchonga vipuri, na asubuhi hii ameketi safu ya pili, hakujua nitasema nini.

Fundi, ndugu yangu, ulikuwa umesema kweli. Ninakuomba radhi katika ukumbi uleule nilimokufedhehesha.