Nani Ashikaye Mfuko wa Mfanyakazi?



Tumeombwa tunene juu ya Serikali na fedha za vyama vya wafanyakazi. Wengi hudhani kwamba chama hununuliwa kwa bahasha itolewayo gizani. Hapa Kenya jambo lilitendeka mchana kweupe, kwa njia ya sheria na karatasi ya mshahara.

Mwaka wa 1950 mkoloni aliwakamata Makhan Singh na Fred Kubai, kwa kuwa chama chao hakikuwa mkononi mwake. Baada ya Uhuru njia ilikuwa nyingine. Mwaka wa 1965 Serikali ya Mzee Kenyatta ilivunja miungano miwili iliyokuwa ikishindana, ikaunda COTU. Wafanyakazi walipeleka majina matatu, naye Rais akachagua mmoja kuwa Katibu Mkuu. Waziri wa Kazi naye akawa na uwezo wa kuwaamuru waajiri wakate ada mishaharani na kuipeleka chamani.

Tuseme kweli: makato hayo yalikuwa na faida. Katibu wa tawi hakulazimika tena kusimama na daftari langoni pa kiwanda akikusanya shilingi mojamoja. Lakini awezaye kuamuru makato aweza pia kuyazuia. Basi kiongozi alijifunza kumcha Waziri kuliko mwanachama. Fedha ilikuwa jasho la mfanyakazi, lakini ilipofika chamani ilifanana na fadhila ya Serikali. Mwenye nyumba akawa mgeni mlangoni pake.

Matokeo tuliyaona. Mwaka wa 1980 Serikali ilipiga marufuku chama cha watumishi wa umma. Mwaka wa 1993 COTU ilipoitisha mgomo mkuu, Katibu Mkuu wake, Joseph Mugalla, alikamatwa. Kiongozi wa wafanyakazi aliyesifu alikuwa mwana wa nyumbani. Aliyedai aliitwa mchochezi.

Je, yamekwisha? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, yalinda haki ya kuunda chama na ya kugoma. Hata hivyo, chini ya sheria ya mwaka wa 2007, amri ya kukata ada ingali hutolewa na Waziri. Ufunguo haujatoka mkono ule.

Mtume Yakobo aliwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Nasi tuulinde ujira huo hata ukiisha kuwa ada. Kila mwanachama aulize hesabu za tawi lake, na asikose siku ya uchaguzi. Kiongozi akipanda jukwaa la chama chochote cha siasa, kiwe kinatawala au kinapinga, tumwulize: ni nani aliyekutuma, na ni nani aliyelipa nauli yako?

Chama kinachoogopa wanachama wake hakitamwogopa Waziri. Tukifanye kituogope sisi.