MAZUNGUMZO YA LISHE: CHAI YA RANGI PEKE YAKE HAIMTOSHI MWANAFUNZI



Mwanafunzi wa skuli ya msingi katika visiwa vya Unguja na Pemba huianza siku mapema. Huteka maji au hufagia uwanja, kisha huenda skuli kwa miguu. Atokapo huko mchana, chuo cha Kurani humngoja. Katika skuli zenye mikondo miwili, mwenzake wa mkondo wa mchana huanzia chuoni na kumalizia skuli. Jioni wote hawakosi mchezo.

Kazi hiyo yahitaji nguvu. Kwa makisio ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa yaliyochapishwa mwaka 2004, mtoto wa kiume wa miaka 7 hadi 8 huhitaji takriban kilokalori 1,700 kwa siku, na wa kike 1,550. Wafikapo miaka 11 hadi 12, mahitaji hayo hupanda hadi kiasi cha 2,350 na 2,150. Basi msichana wa darasa la sita asipimiwe chakula kwa sahani ya mdogo wake wa darasa la kwanza.

Kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vidogo 3 vya sukari hutoa kiasi cha kilokalori 50 tu, ilhali robo ya mahitaji ya mvulana wa miaka 9 hadi 10 hukaribia 500. Kipande cha boflo huongeza kidogo, lakini hakimfikishi mchana. Ndipo mwalimu amwonapo mtoto amelaza kichwa juu ya dawati, akamhukumu kuwa mvivu. Pengine ni njaa, na bakora haishibishi. Tena chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata sawasawa madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Na upungufu wa madini hayo huleta upungufu wa damu, ambao nao huchosha.

Vyakula vya kuziba pengo hilo vimo humu humu visiwani. Gramu 200 za muhogo wa kuchemsha hutoa takriban kilokalori 300. Hata hivyo, protini yake ni haba mno, hivyo wahitaji mwenziwe: kunde, choroko, mbaazi au dagaa. Dagaa wanaoanikwa Unguja husafirishwa hadi Kongo. Si haki wakosekane katika sahani ya mtoto wa hapa. Tui la nazi nalo lina mafuta, na gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati ya wanga hutoa 4. Mafuta hayo husaidia pia mwili kupokea vitamini A ya mchicha na kisamvu.

Ipo pia pesa ya mapumziko, ambayo mara nyingi huishia kwenye barafu za rangi na peremende. Kamati za skuli zaweza kukubaliana na akina mama wauzao langoni wapike zaidi bajia za kunde, kashata za njugu na muhogo, kwani muuzaji hupika kinachonunuliwa. Njugu zilizoota ukungu zitupwe, wala zisisagwe.

Mtoto asiyeweza kula alfajiri asilazimishwe. Afungiwe ndizi mbivu au kipande cha muhogo, pamoja na chupa ya maji yaliyochemshwa, ale wakati wa mapumziko.