Kiberiti na kinyongo

Msikilizaji, kiangazi huku Miono moshi wa porini mara nyingi ni wa mkulima anayesafisha shamba. Jinai ni pale mtu anaposubiri usiku, akachomeka kijinga cha moto kwenye makuti ya jirani waliyegombania naye mpaka. Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaruhusu afungwe maisha. Mbona bado wanachoma? Kisasi, wivu, kuficha wizi. Wengine eti wanatoa onyo tu! Katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Kenya, Machi 2001, petroli ilimwagwa bwenini; wanafunzi 67 wakafa. Moto hauulizi ulikusudia nini. Mimi ningeanza na mabaraza ya ardhi: shauri la mpaka likicheleweshwa, aliyekata tamaa ya haki hununua kiberiti.