Stesheni ya Nachingwea



Stesheni ya Nachingwea haikujengwa kwa ajili ya mwananchi. Wakoloni wa Kiingereza waliipeleka reli huko kutoka pwani ya kusini ili isombe karanga za mradi wao ulioanza mwaka 1947. Mwaka 1951 mradi ulikufa. Reli, ikikosa mzigo, ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa.

Mwaka 1965 wapiganaji wa FRELIMO walianzisha kambi yao Nachingwea. Vita vya ukombozi vilihitaji chakula na silaha; garimoshi halikuwapo tena. Mizigo ilitegemea barabara ambazo masika huzigeuza tope.

Njia isiyoleta faida leo yaweza kuwa uhai wa taifa kesho. Anayeing'oa na afikiri kwanza.