Urefu wa Kamba: Maneno juu ya Vyombo vya Bustani ya Nyumbani

(Yalisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, 2025)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya vyombo vya bustani, na juu ya kazi zinazofaa kuzistawisha bustani zetu za nyumbani. Twaanza kwa kuomba radhi, maana jambo tutakalolieleza kwanza si la kujivunia. Katika hesabu zilizochapwa ndani ya kitabu hiki mtaliona neno "Pampu", na mbele yake fedha za michango ya miezi saba. Wanachama wameuliza, na wana haki ya kuuliza, pampu hiyo imemwagilia nini. Jibu ni kwamba haijamwagilia hata mche mmoja.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kavu za Kenya, na sisi watu wa Taita tukaaye chini ya milima, upande wa Mwatate, hatukusalimika. Simu zilizotufikia kutoka nyumbani zilikuwa za namna moja: tumeni fedha za mboga. Ni jambo la kuhuzunisha mtu mwenye shamba lake kwenda sokoni kununua fungu la sukuma wiki kwa mshahara wa mwanawe aliye mjini. Basi mwaka 2022 halmashauri, ambayo wengi wetu ni makarani, watu wa kalamu, ilikutana hapa mjini ikaazimia kununua pampu ya kukanyaga kwa miguu. Tuliipenda kwa kuwa haitaki mafuta wala umeme. Dukani ilivuta maji kutoka katika pipa ikayarusha mbali, nasi tukafurahi kama watoto. Tukaisafirisha mpaka nyumbani, tukaifunga kisimani mbele ya watu wengi, na mmoja wetu akavua viatu vyake vya afisini akapanda kuikanyaga. Alikanyaga mpaka shati likaloa jasho. Maji hayakuja.

Kisima kile, toka juu mpaka penye maji, ni mita 11. Pampu ya namna ile, ikikaa juu ya kisima, kwa kweli haivuti maji. Huondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo, hata hapa pwani, hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi, na katika kazi ya kila siku si busara kutegemea zaidi ya mita 7. Jambo hilo tulifundishwa katika shule ya misheni, tukaliandika daftarini, tukaulizwa katika mtihani tukalijibu vizuri. Lakini siku ya kununua, hakuna aliyekumbuka kwamba elimu ile ilihusu kisima cha mama yake.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya debe lake akitutazama, alisema kwa upole, "Wanangu, kabla ya kununua mngetuuliza urefu wa kamba yetu." Hakuongeza neno. Akainuka, akaishusha ndoo yake kisimani kwa kamba ile ile, akateka maji, akaenda zake.

Tangu siku hiyo halmashauri imeweka kanuni, nayo mtaiona katika ukurasa wa maazimio, kwamba chombo cho chote cha bustani hakitanunuliwa mpaka anayelima bustani hiyo aulizwe kwanza, na aulizwe akiwa shambani mwake, si mkutanoni. Mwaka 2023 tulikwenda nyumba kwa nyumba tukiwa na utepe wa kupimia na daftari tu. Hakuna mama hata mmoja aliyeomba pampu. Wengi waliomba tupa ya kunolea majembe. Twakiri kwamba tulicheka moyoni, lakini tulipolishika jembe lenyewe tuliona ya kwamba makali yake yalikuwa mazito kama ukingo wa sahani. Jembe butu hudai nguvu mara mbili na halichimbi chini. Tupa ni chombo cha bei ndogo, na nyumba tano jirani zaweza kutumia moja, mradi isiachwe ikapata kutu. Wengine walitaka mipini mirefu zaidi, kwa sababu migongo yauma. Na mpini, kama mjuavyo, hauhitaji mchango wa Chama, wahitaji mwana mwenye panga.

Jambo la pili walilolitaja lilikuwa paa. Mama mmoja alituonyesha nyumba yake ya mabati akasema kwamba mvua ikinyesha, maji hupita juu ya kichwa chake, huteremka yakichimba korongo katikati ya mboga zake, kisha yeye huenda kisimani kuyatafuta maji. Hatukuyafikiri sana maneno hayo mpaka mwisho wa mwaka ule ule wa 2023, mvua kubwa ziliponyesha. Pampu ikiwa imelala ghalani, maji ya paa yaliondoka na udongo mzuri wa bustani nyingi.

Hapo ndipo tulipoitumia kalamu kwa faida. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya eneo la mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Tuichukue nyumba ya kawaida, yenye paa lifunikalo mita 8 kwa mita 5. Hizo ni mita 40 za mraba. (Pimeni chini, kutoka ukingo wa paa hadi ukingo, wala msipande juu ya mabati.) Mvua ya milimita 10, ambayo si kubwa, hutoa lita 400 juu ya paa hilo. Tuondoe sehemu moja katika tano kwa maji yarukayo na yavujayo. Zabaki lita 320, yaani madebe 16 ya lita 20. Akina mama, ninyi mnajua safari 16 za kisimani ni nini. Sisi tulizihesabu kwa kalamu tu.

Mwaka 2024 tulijaribu katika nyumba nne. Fundi alikunja mabati yakawa mifereji, akaifunga chini ya ukingo wa paa ikiinama kidogo kuelekea upande mmoja, na hapo pakawekwa tangi la lita 1,000 juu ya jukwaa la mawe, ili ndoo iweze kuingia chini ya bilula. Tulijifunza mambo ambayo hayakuandikwa dukani. Maji ya kwanza baada ya kiangazi huwa na vumbi na mavi ya ndege. Yaachwe yamwagike kabla ya kuyaelekeza tangini. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba, la sivyo mtakuwa mmejenga nyumba ya mbu. Na jukwaa lisijengwe kwa haraka, maana lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, tani nzima. Jukwaa moja liliinama, ikatubidi kumwaga maji yote na kulijenga tena. Mwenye nyumba hiyo hakutusema, lakini alitutazama.

Wala tusidanganyane. Tangi moja halitanywesha shamba. Tuta la mboga la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 laweza kunywa debe moja kila siku wakati wa jua kali, hivyo tangi lililojaa ni madebe 50, yaani siku 50 kwa tuta moja, au siku 25 kwa matuta mawili. Si haba, lakini si mto. Kwa hiyo faida ya tangi yategemea jinsi udongo ushikavyo maji, na hapa ndipo kazi za mikono zisizotaka fedha zinapohitajiwa kuliko vyombo.

Katika vitabu tulivyosoma, bustani nzuri huchorwa ikiwa na matuta yaliyoinuliwa. Hayo yafaa mahali penye mvua nyingi, kama kule juu milimani Wundanyi, yasije maji yakaozesha mizizi. Kwetu chini, tuta lililoinuka hukauka pande zote. Yafaa kufanya kinyume: kuchimba kitalu kikashuka kiasi cha sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi, udongo wake ukachanganywa na mboji, kisha maji yakimwagwa yatulie humo. Juu yake pawekwe matandazo ya nyasi kavu, lakini yasiguse shina la mche. Katika nyumba mbili kati ya zile nne, vitalu vilivyofunikwa nyasi vilimwagiliwa siku moja na kupumzishwa siku ya pili, na mchicha haukunyauka.

Kuhusu mboji, twajua wengi mwaona ni kazi ya uchafu. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Albert Howard, aliyefanya kazi huko Indore katika Bara Hindi, alichapisha mwaka 1931 maelezo ya kuifanya kwa utaratibu, na alikiri kwamba aliyajifunza mengi kwa wakulima wa nchi hizo. Kwa nchi kavu ifanywe shimoni, ili unyevu usipotee. Pangeni mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu machache, mkirudia hivyo mpaka shimo lijae, na kila tabaka linyunyiziwe maji yawe kama ya kitambaa kilichokamuliwa. Chomekeni fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku chache ing'oeni mkaishike: ikiwa ya moto, kazi inaendelea; ikiwa baridi na kavu, shimo lina kiu. Ligeuzwe kila baada ya wiki tatu hivi, na katika muda wa miezi mitatu mtapata udongo mweusi usionuka. Fimbo hiyo ndiyo kipimo cha pekee tulichokileta nyumbani ambacho hakuna aliyekicheka.

Asiye na nafasi, hasa ninyi wenzetu mnaopanga vyumba hapa mjini, aweza kulima katika gunia. Udongo uliochanganywa na samadi hujazwa kuzunguka nguzo ya kokoto iliyo katikati. Ili kuijenga nguzo hiyo, tumieni kopo lililotolewa tako. Lijazeni kokoto, zungusheni udongo, kisha livuteni juu, mkiendelea mpaka mdomo wa gunia. Maji hupita katika kokoto na kufika chini, na miche ya sukuma wiki huchomekwa juu na katika matundu ya ubavuni. Maji yaliyooshea mchele au mboga yatosha kulinywesha, lakini yenye sabuni nyingi yasitumiwe.

Toroli nalo tulilinunua, moja, kwa nyumba zile nne, nalo lilikuwa kosa dogo la pili. Gurudumu lake lilikuwa la kujazwa upepo, na kwetu kuna miiba ya migunga. Halikumaliza wiki mbili. Sasa lina gurudumu gumu la mpira, lapiga kelele, na labeba samadi na madebe bila kusimama.

Bwana Mwenyekiti, kuna wanachama waliotuandikia wakisema kwamba Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya kuwazika wafu wetu na kuwasaidia wagonjwa, si kwa ajili ya mchicha. Barua hizo tumezisoma kwa heshima, na baadhi ya walioziandika ndio waliotoa michango ya ile pampu. Hatuombi kuligusa sanduku la mazishi. Twaomba mambo mawili. La kwanza, pampu iuzwe. Haina kasoro yo yote. Kuna wakulima kule juu milimani wanaoteka maji kijitoni, mita 2 au 3 tu chini ya mashamba yao, nao itawafaa sana. Mnunuzi aambiwe wazi kwa nini tunaiuza. La pili, fedha zitakazopatikana zinunue mifereji na matangi kwa nyumba nyingine, tukianza na nyumba za wajane na za wazee wasio na watoto wa kuwatekea maji, na orodha ya nyumba hizo iandikwe na akina mama wenyewe.

Baada ya chai kutakuwa na utepe wa kupimia mezani kwa Mweka Hazina. Atakayekwenda nyumbani mwezi huu auchukue, apime paa la mama yake, mita ngapi kwa mita ngapi, na kama ni bati au makuti, aandike pia majibu ya mama kwa maneno yake mwenyewe, kisha aturudishie karatasi kabla ya mvua za Oktoba. Na tafadhali, atakayefika kisimani apime pia ile kamba.